Milioni 126 zilizomezwa na sentensi moja

Mzee alifika ofisini saa nne asubuhi, manyunyu yakiwa bado hayajakatika. Bahasha ya kaki alikuwa ameikumbatia chini ya koti ili isilowe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Hakutaka chai. Akaitoa ripoti, akaifungua ukurasa aliokwisha kuukunja pembe, akaweka kidole kwenye tarakimu mbili zilizoandikwa moja juu ya nyingine.

"Mwanangu, hapa wameandika nyumba yangu ni milioni mia nne na ishirini. Hapa chini yake wameandika milioni mia mbili tisini na nne. Usiku nimepiga hesabu mwenyewe. Sasa hizi milioni mia moja ishirini na sita zimekwenda wapi?"

Nyumba yenyewe iko Magomeni. Ghorofa moja: chini fremu za maduka, juu vyumba vya wapangaji, na upande wa nyuma anaishi yeye na mkewe. Alikuwa ameomba mkopo, benki ikataka uthamini, ofisi moja ya wathamini ikaifanya kazi hiyo, si ya kwetu. Mpwa wake, tuliyesoma naye, ndiye aliyemwelekeza kwangu.

Jibu la swali lake si gumu. Tarakimu ya juu ni thamani ya soko: bei ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa utaratibu, muuzaji hana haraka, mnunuzi anajua anachonunua, wote wawili kwa hiari yao. Ya chini ni thamani ya kuuza kwa haraka: kile ambacho benki inakisia ingekipata mkopo ukishindikana na nyumba ikalazimika kuuzwa upesi. Aliyeandika alichukua asilimia 70 ya ile ya kwanza. Hakuna aliyemwibia mzee. Ni makisio ya siku mbaya ambayo huenda isifike. Nilimweleza kwa dakika tano, akaelewa, akashusha pumzi.

Lililoniumiza ni pale nilipoitafuta ndani ya ripoti ile sentensi iliyopaswa kumweleza hayo kabla hajakosa usingizi. Ilikuwapo. Mistari minne ya Kiingereza, na nikiigeuza Kiswahili kama ilivyokaa inasema hivi: kwa kuzingatia hali ya soko iliyopo, ufupi wa muda wa utangazaji na kutokuwapo kwa hiari ya muuzaji, punguzo stahiki limefanyika. Limefanywa na nani? Kwa nini thelathini kwa mia, si ishirini, si arobaini? Ni nyumba gani hapo Magomeni iliyowahi kuuzwa kwa haraka tukajua ilishuka kiasi gani? Kimya.

Nikaisoma mara ya pili, nikaitambua. Sentensi ile si ya aliyeitia sahihi ripoti. Ni ya vitabu tulivyosomea sote. Nimekaa nayo miaka minne ya shahada na miaka kumi na miwili ya kazi, na nimewahi kuiandika mwenyewe, kwa maneno karibu hayohayo, kwenye ripoti za watu ambao sikukaa kufikiri kama wataweza kuzisoma.

Nikisema vitabu vya uthamini wa majengo ya biashara havisomeki, watu hudhani nalalamikia hesabu. Hesabu si tatizo. Ni kuzidisha, kugawanya na riba ya mlimbikizo, mambo ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo anayafanya kichwani huku anafunga mzigo. Ugumu uko kwenye namna vitabu vinavyomficha mtu anayeamua. Kazi ya uthamini ni ya kuamua: fremu hii inafanana na ile au haifanani, mpangaji huyu atalipa au atakimbia, kiwango cha faida kiwe asilimia tisa au kumi na moja. Lakini ukifungua kitabu humwoni mtu. Unakuta marekebisho yamefanyika, kiwango kimekubalika, mambo husika yamezingatiwa. Mwanafunzi anaikariri namna hiyo ya kusema pamoja na fomula, anahitimu nayo, anaipeleka kwenye ripoti, na ripoti inamfikia mzee wa Magomeni.

Vitabu vyenyewe vinatoka hasa sehemu mbili. Kuna vya Uingereza, vinavyobeba mila ya wathamini wa London, ambao chama chao kimekuwapo tangu 1868. Na kuna vya Marekani, vizito kama tofali, ambako chama kikubwa cha wathamini kina makao yake Chicago. Ni vitabu vya watu waliojua kazi yao, siwezi kuvidharau. Sisi tulivisoma kwa fotokopi zilizobanwa na pini, kurasa za majedwali zimefifia katikati kwa sababu kitabu cha kwanza kabisa kilishakataa kufunguka vizuri. Wengi wetu tulikuwa tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukajikaza na Kiingereza kidato cha kwanza, na sasa tunakutana na Kiingereza cha tatu, ambacho si cha shule wala cha mtaani, ni cha wanasheria wa ardhi wa Uingereza wa karne zilizopita.

Kwenye ukurasa wa gharama za uendeshaji wa jengo, kitabu cha Marekani kina mstari wa kuondoa theluji. Sina ugomvi na theluji. Kitabu kiliandikwa kwa watu wake. Ila mwanafunzi wa huku anajifunza kwamba orodha ya gharama ndiyo hiyo, na hakuna ukurasa unaomwambia aongeze dizeli ya jenereta, boza la maji, gari la majitaka, mlinzi wa usiku, na ule ugomvi wa kila mwezi wa luku moja inayochangiwa na fremu nne. Kisha anapewa jengo la Sinza akadirie gharama zake, anaandika asilimia aliyoikuta kitabuni.

Sasa niseme kuhusu kilemba, ile pesa anayotoa mpangaji mara moja ili apate fremu, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa jambo lenyewe.

Nilikwenda Kariakoo na kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Tulikuwa tunakagua jengo jirani na Mtaa wa Sikukuu, fremu kwa fremu. Kariakoo kila kitu kinaongea pesa: mkokoteni unaopita unadai njia, machinga aliyetandaza vitambaa mbele ya fremu naye ana makubaliano yake na mwenye fremu, na upana wa mlango una thamani kuliko kina cha chumba. Tukaingia kwa muuza vipodozi. Kijana akashika tepu, mimi nikauliza maswali. Mpangaji akasema kodi ni milioni moja kwa mwezi, halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, kwamba wakati wa kuingia alimpa kilemba mpangaji aliyetoka.

Kijana akaandika: kodi 1,000,000. Kilemba hakukiandika. Fomu yetu haikuwa na mstari wake.

Tulipotoka nikamuuliza kwa nini amekiacha. Akasema, "Dada, hicho si kitu cha kitaalamu, ni mambo yao ya mjini." Nikamuuliza kama chuoni hawakufundishwa kuhusu malipo ya mara moja anayotoa mpangaji ili aingie kwenye pango lenye kodi iliyo chini ya soko. Akasema hapana. Nikamtajia neno lake la Kiingereza, premium. Akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukampigia kelele. Alikuwa ameisoma sura hiyo mara tatu. Neno lilelile ndilo watu wa bima wanalolitumia kwa malipo yao, basi muhula mzima alikuwa anadhani sura ile inahusu bima ya jengo. Alifaulu mtihani wake, kwa sababu fomula aliijua.

Kilemba ni neno lenye mizizi kwetu. Kabla ya fremu za Kariakoo lilikuwa ni kile cha kichwani, na pia zawadi ya heshima ambayo watu hutoa harusini kwa mzee upande wa binti, au mwanafunzi humpa fundi wake akishahitimu. Anayepokea kilemba anakiri kwamba ameridhia. Waswahili wa mjini walipotafuta jina la pesa ya kufunguliwa mlango wa biashara, hawakuhangaika; jina lilikuwapo, na maana yake ilikuwa imeshaeleweka na kila mtu. Halafu mtoto wao anakwenda chuo kikuu kujifunza jambo hilohilo kwa neno ambalo linamfikisha kwenye bima.

Tukakaa kwenye ngazi za jengo, nikamwonyesha kwenye daftari. Tuseme kodi ya soko ya fremu kama ile leo ni 1,500,000 kwa mwezi. Mpangaji anayetoka analipa 1,000,000, na mkataba wake umebakiza miaka mitatu. Kila mwezi anaokoa 500,000, kwa mwaka 6,000,000. Yeyote atakayerithi mkataba huo ataokoa kiasi hicho mpaka uishe. Je, yuko tayari kutoa ngapi leo ili apate nafasi hiyo? Si milioni 18, kwa sababu pesa ya mwaka wa tatu si sawa na pesa ya mkononi. Akitaka faida ya asilimia 15 kwa mwaka, unazidisha 6,000,000 kwa 2.283, kizidishi cha miaka mitatu kwa kiwango hicho, unapata kama milioni 13.7. Hicho ndicho kilemba kinachoingia akilini. Nikamwambia arudi ndani, amuulize mpangaji alitoa ngapi na mkataba ulikuwa umebakiza muda gani. Akarudi anatabasamu. "Dada, kumbe hii ndiyo ile sura."

Ile sura ilikuwa ngumu kwa miaka miwili, ikawa nyepesi kwa robo saa, na hesabu zake hazikubadilika hata moja. Kilichoongezeka ni muuza vipodozi. Mtu mwenye sababu ya kutoa pesa, mtu mwenye sababu ya kuipokea, na muda uliobaki kwenye karatasi.

Na si jambo la kuelewa tu kwa raha ya kuelewa. Kama kilemba kimepokewa na mwenye nyumba badala ya mpangaji aliyetoka, basi kodi iliyo kwenye mkataba ni sehemu tu ya kodi anayoipata. Mthamini akichukua milioni moja ile na kuiita kipato cha jengo, amelishusha jengo zima. Kosa hilo hutalikuta kwenye hesabu. Utalikuta kwenye kile ambacho hakukiandika kwa sababu kitabu hakikumfundisha kukiona.

Kuna neno jingine lililonitesa mwenyewe. Waingereza wana kizidishi cha kugeuza kodi ya mwaka kuwa bei ya jengo, wanachokiita, neno kwa neno, ununuzi wa miaka. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba ni moja gawanya kwa kiwango cha faida, tukanakili, tukaendelea. Kiwango kikiwa asilimia 10, kizidishi ni 10; kikiwa asilimia 8, ni 12.5. Nilikitumia kwa mwaka mzima bila kujua ni kitu gani. Siku moja nyumbani nikamsikia baba mdogo akibishana na fundi kuhusu fremu mbili alizotaka kuongeza mbele ya nyumba. "Hizi zitanirudishia hela yangu baada ya miaka mingapi?" Nikaganda na sahani mkononi. Ndicho hicho. Waingereza walikuwa wanauza mashamba yao kwa kutaja miaka: shamba hili bei yake ni kodi ya miaka ishirini. Swali la baba mdogo na msemo wao ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka milango miwili. Kila mwenye kiwanja Dar es Salaam anayefikiria kujenga anauliza swali hilo kabla hajanunua tofali la kwanza. Kitabu cha kwetu kingeanza nalo.

Na hapo hapo kingelazimika kurekebisha jambo. Majedwali ya kale ya Waingereza yanachukulia kwamba kodi inapokewa mara moja kwa mwaka, mwisho wa mwaka. Limeandikwa, ndiyo, lakini utalikuta kwenye dibaji au chini ya jedwali kwa herufi ndogo. Mwenye fremu wa Dar es Salaam anachukua miezi sita au mwaka mzima mbele, kabla hajatoa ufunguo. Chukua fremu ya milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka, kiwango asilimia 10. Kwa jedwali la mwisho wa mwaka, haki ya kupokea kodi hiyo daima ina thamani ya milioni 120. Kodi ikilipwa mwanzoni mwa mwaka, ni milioni 132. Tofauti ni milioni 12, kodi ya mwaka mzima kamili, imelala ndani ya herufi ndogo zilizofifia kwenye fotokopi.

Vitabu hivyo vinaanza pia na mtu anayeimiliki ardhi milele. Kwetu hakuna. Umiliki wa namna hiyo uliondolewa kwa sheria ya 1963, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu anapewa haki ya kutumia kwa miaka 33, 66 au 99. Mwanafunzi makini anaogopa: je, nizitupe fomula zote? Hakuna anayemtuliza kwa mstari mmoja tu, kwamba kwa asilimia 10 kizidishi cha milele ni 10, cha miaka 99 ni 9.999, cha miaka 33 ni 9.57. Hati ikibakiza miaka kumi ndipo mambo yanapobadilika, kizidishi kinashuka mpaka 6.14. Mistari mitatu ya namna hiyo ingemwokolea usiku mwingi.

Wapo wanaodhani usomekaji wa kitabu unapimika kwa mashine. Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1948 fomula ambayo mpaka leo imo ndani ya programu za kuandikia: unaanza na 206.835, unatoa wastani wa maneno kwa kila sentensi mara 1.015, unatoa wastani wa silabi kwa kila neno mara 84.6. Jibu likikaribia 100, andiko ni jepesi. Likiwa chini ya 30, ni la wasomi wa chuo kikuu. Nikaijaribu kwa sentensi ya kwetu: Mpangaji hajalipa kodi ya fremu. Maneno matano, silabi kumi na tatu. Jibu ni hasi 18. Mtoto wa darasa la pili anaielewa sentensi hiyo, lakini fomula inaiweka chini kabisa ya sifuri, kwa sababu ilitengenezwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinabeba mtu, wakati na kukanusha ndani ya neno moja.

Hata kwa Kiingereza chenyewe inapotea. Maneno magumu kuliko yote katika uthamini wa majengo ya biashara ni mafupi. Neno lao la kiwango cha faida lina silabi moja na maana tano, kutegemea kivumishi kinachotangulia. Wana msemo wa maneno mawili ya silabi moja moja unaomaanisha kodi kamili ambayo soko lingetoa leo. Fomula ya Flesch ingesema mtoto mdogo anausoma bila shida. Mimi niliuelewa nikiwa mwaka wa tatu. Kwa hiyo siamini vipimo hivyo. Kipimo ninachokitumia ofisini ni kimoja: msomaji akishasoma ukurasa, je, anaweza kubishana nao?

Kanuni za 2001 za fidia ya ardhi inayotwaliwa zinafaulu kipimo hicho vizuri kuliko vitabu vingi. Zinasema posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36. Faida iliyopotea ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Mwenye nyumba inayopitiwa na barabara anaweza kuchukua kalamu, akazidisha, na kama tarakimu aliyoandikiwa haitoshi akauliza kodi ya mwezi mmoja imetoka wapi. Atashinda au atashindwa, lakini anajua anagombania nini. Ukimwandikia kwamba mambo husika yamezingatiwa, umemnyang'anya hata hilo la kuuliza.

Dar es Salaam inajua uzito wa tarakimu ya mthamini. Aprili 1971 Serikali ilipotwaa majengo, mstari uliwekwa kwenye shilingi 100,000: jengo la thamani hiyo au zaidi likaingia kwenye sheria. Majengo yale yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wazee wa mjini mpaka leo wanaziita nyumba za Msajili, ingawa zilikwishahamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sizungumzii hapa kama sheria ile ilikuwa ya haki au la. Nafikiria familia iliyolala upande huu au upande ule wa tarakimu moja, na kama kulikuwa na ukurasa wowote ambao wangeweza kuusoma wakaelewa ilivyofikiwa.

Leo kazi yetu ina sheria yake, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na bodi inayotusajili. Na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Mthamini anayesimama mbele ya baraza la ardhi na nyumba kutetea thamani aliyoandika ataulizwa kwa Kiswahili, na ile sentensi ya punguzo stahiki hana pa kuificha. Nimewaona wenzangu, watu wenye akili sana, wakitafuta maneno hewani. Maneno yapo. Uchakavu, kilemba, pango, kurudisha hela, fremu ya kona, mpangaji wa kukaa na mpangaji wa kupita. Wameyasikia maisha yao yote. Hawajawahi kuyakuta yamekaa karibu na fomula kwenye ukurasa mmoja.

Kitabu ninachokitamani hakihitaji kuwa chepesi. Kinaweza kuwa kigumu palipo na ugumu. Kinionyeshe fremu tatu za mtaa mmoja zilizopangishwa mwaka mmoja kwa kodi tatu zisizokubaliana, kisha mwandishi aseme kwa nafsi yake: mimi nimeiamini hii ya pili kuliko nyingine, kwa sababu ya kwanza mpangaji ni shemeji wa mwenye nyumba na ya tatu iko kituo cha daladala kilichokuwa mbioni kuhamishwa. Nimepunguza asilimia nane, ningeweza kupunguza kumi, nimebaki na nane kwa sababu hii. Mwanafunzi akikubali, amejifunza. Akikataa, amejifunza zaidi. Viwango vya kimataifa vya uthamini vyenyewe vinasema kuuza kwa kulazimishwa ni maelezo ya mazingira ya mauzo, si aina ya thamani inayosimama peke yake. Maana yake bila kueleza mazingira, asilimia 70 ni namba tu.

Hilo ndilo nililomwandikia mzee. Sikufanya uthamini mpya, wala sikuwa na haki ya kuuhukumu wa mwenzangu. Niliandika kurasa mbili za Kiswahili kueleza ripoti yake inasema nini: nyumba imehesabiwaje, kodi zipi zimeingizwa, gharama zipi zimetolewa, na tarakimu ya chini imetoka wapi. Palipokuwa na uamuzi bila sababu niliandika wazi: hapa sababu haikutolewa, muulize aliyesaini.

Alikuja kuzichukua Ijumaa, baada ya swala. Akavaa miwani, akasoma palepale, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Yule kijana wa mafunzo alikuwa amekaa pembeni anamtazama. Mzee akapita aya ya kwanza, akapita ya pili, kwenye ya tatu kidole kikasimama.

"Hapa umeandika fremu tano."

Nikamwambia ndivyo ripoti ilivyosema, kwenye jedwali la maeneo ya kupangisha.

"Ziko sita. Ya sita iko ubavuni, chini ya ngazi. Kuna kijana anatengeneza simu humo mwaka wa nne sasa. Analipa."

Ripoti alikuwa nayo wiki mbili. Jedwali lile alikuwa amelipita mara nyingi.

Nikamwambia airudishe kwa ofisi iliyoiandika, aende na mkataba wa fundi simu na vipimo vya chumba. Akasema vipimo hana. Kijana alikuwa tayari ameshasimama, ameshaichukua tepu mezani.